Mzazi wako amestaafu chuoni? Usimnunulie kiti, mtafutie Jumamosi

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu, mzee wangu aliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida. Akanyoa ndevu. Akavaa shati la kazi, suruali iliyopigwa pasi na viatu vyeusi. Akanywa chai akiwa amesimama, maana kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa akiinywa hivyo ndiyo asikose matatu ya saa kumi na mbili. Halafu akakaa kwenye kochi.

Mimi huandika usiku, kwa hivyo nilimwacha hapo nikaingia kulala. Nilipoamka saa sita mchana alikuwa bado hapo hapo. Viatu mguuni. TV imezimwa.

Kama una mzazi, mjomba, shangazi au babu aliyefanya kazi chuo kikuu, hii stori ni yako. Na usidhani nazungumzia maprofesa peke yao. Mzee wangu hakuwa profesa. Alikuwa teknishani wa maabara katika chuo kimoja cha umma ambacho sitakitaja. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga chupa na kupima kemikali kabla ya wanafunzi kuingia, na yeye ndiye aliyebaki kuosha walipotoka.

Chuo kikuu ni mji mzima. Kuna wahadhiri, sawa, lakini pia kuna wapishi wa mesi, madereva, masoja wa langoni, makarani, wauguzi wa zahanati, watu wa maktaba na mafundi wa mabomba. Ndiyo maana wakati wa mgomo husikia jina la UASU peke yake. Utasikia pia KUSU na KUDHEIHA, vyama vya wale wasiofundisha.

Na hawa wote hawaondoki siku moja. Mfanyakazi wa kawaida wa umma Kenya hustaafu akiwa na miaka 60. Zamani ilikuwa 55, serikali ikaiongeza mwaka wa 2009. Wahadhiri wa vyuo vya umma wao huendelea hadi 70. Kwa hivyo mpishi na mhadhiri wanaweza kuajiriwa mwaka mmoja, lakini mpishi akatangulia kwenda nyumbani kwa miaka kumi, bado ana nguvu zake, na hana pa kuzipeleka.

KITABU CHA WAGENI

Watu hudhani anayestaafu hupoteza mshahara tu. Mshahara ni kitu kimoja. Hebu hesabu na mengine.

Kuna bima ya matibabu ya kazini, ambayo kwa wengi huisha pamoja na kazi. Kuna nyumba ya chuo, kwa wale walioishi ndani ya chuo. Kuna ratiba: mwaka unaanza, wanafunzi wapya wanakuja, mitihani inafika, mahafali yanafanyika, unaanza tena. Halafu kuna watu. Mtu amekula chakula cha mchana meza moja na wenzake watatu kwa miaka ishirini, halafu Ijumaa moja anapewa keki, soda na saa ya ukutani, na hiyo meza inaisha.

Miezi miwili baada ya kustaafu, mzee alirudi chuoni kusalimia wenzake. Langoni alikuta soja mpya, kijana wa rika langu. Akamwambia kwa heshima, "Mzee, andika hapa kwenye kitabu cha wageni." Kile kitabu kina safu ya jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, na safu moja inayouliza sababu ya kuja. Mzee aliandika jina, kitambulisho na simu. Alipofika kwa sababu, akakosa la kuandika. Akamrudishia kijana kalamu, akapanda matatu akarudi nyumbani.

Haya sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na mathe, na mathe aliambiwa usiku taa ikiwa imezimwa.

Manze, hiyo stori ilinigonga, na nitakwambia kwa nini. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilichangia, kichwa changu pia kilichangia, tusiingie huko leo. Lakini najua vile mtu hujihisi kadi yake ya chuo inapoacha kuwa na maana. Najua kuamka Jumatatu bila mahali unapotarajiwa. Tulikuwa watu wawili ndani ya keja moja, wote tumetoka chuoni, na hatukuwa tunaongea. Tangu niache masomo, mzee alikuwa hajaniuliza chochote kuhusu maisha yangu. Alikuwa akiniuliza kama nimekula, basi.

Na hili jambo si la watu wadogo peke yao. Wangari Maathai alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu, mwaka wa 1971, na alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi kwa miaka mingi. Mwaka wa 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge. Akazuiwa kugombea. Alipotaka kurudi kazini akakataliwa, na akalazimika kuhama nyumba ya chuo. Yeye hakuwa mstaafu, alikuwa hata hajafika katikati ya miaka ya arobaini. Lakini ona vile lango la chuo likifungwa hufungia vitu vingi kwa pamoja: kazi, nyumba, majirani, jina. Kilichomsimamisha ni kwamba nje ya lango tayari alikuwa na watu. Vuguvugu la Green Belt lilikuwa limeanza tangu 1977. Alikuwa na akina mama waliokuwa wakimngoja, na miche.

Mzee wangu nje ya lango alikuwa na kochi.

TULINUNUA KITI

Mimi na dada yangu tukaamua kufanya kitu. Tulichanga pesa tukamnunulia mzee kile kiti cha kuegemea, unavuta mkono wa pembeni, miguu inainuka. Tuliona tumefanya jambo la maana. Mzee amefanya kazi akiwa amesimama maisha yake yote, sasa apumzike.

Alipumzika kweli kweli. Alikaa kwenye kile kiti asubuhi, mchana na jioni. Akaanza kusinzia saa nne asubuhi na kukosa usingizi saa nane usiku. Mwezi wa nne baada ya kustaafu mathe alimlazimisha kwenda kupimwa presha kwa duka la dawa pale steji. Ilikuwa 160 kwa 100. Madaktari huanza kukutazama vibaya ikifika 140 kwa 90, kwa hivyo hesabu mwenyewe.

Daktari alimpa dawa na kumwambia awe akitembea. Mzee akameza dawa. Kutembea hakutembea. Ukimuuliza anakuambia, "Nitembee niende wapi?"

Hilo swali wengi wetu tunalichukulia kama ukaidi. Lakini lifikirie. Kwa miaka thelathini mtu alitembea kwenda mahali. Sasa unamwambia atembee tu, azunguke mtaa kama aliyepoteza kitu, majirani wakimwangalia.

Shirika la Afya Duniani, WHO, husema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na aliyefika miaka 65 aongeze mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku tatu kwa wiki, ndiyo asianguke ovyo. Hiyo sehemu wengi wanaijua. Ambayo hatuijui sana ni kwamba shirika hilo hilo, katika ripoti ya mwaka wa 2025, lilisema mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka. Hiyo ni kama watu 100 kila saa. Na si wazee peke yao. Vijana wa rika letu wamo ndani ya hiyo hesabu, tena wengi.

Kwa hivyo ukiona mzee amekaa kimya kwenye kiti ulichomnunulia, usiseme "anapumzika". Muulize alipigiwa simu na nani wiki hii.

MASHINE ILIYOKUFA BETRI

Aliyemtoa mzee nyumbani si mimi wala daktari. Ni mama mmoja aliyekuwa akisimamia jiko la wanafunzi pale pale chuoni. Sote tunamwita Mama wa Mesi. Alistaafu miaka mitatu kabla ya mzee, na pamoja na wenzake kumi na kitu walikuwa wameanza kukutana kila Jumamosi saa moja asubuhi pale Arboretum, ile bustani ya miti iliyoko barabara ya kwenda Ikulu. Kama hujawahi kufika, nenda. Ilianzishwa mwaka wa 1907 kujaribu miti ya kigeni, na mpaka leo ina kivuli ambacho pesa haiwezi kununua.

Mama wa Mesi alimpigia mzee simu Ijumaa jioni. Hakumwambia "njoo ufanye mazoezi". Hakumwambia "usijifungie nyumbani". Alimwambia, "Mashine yetu ya presha imekataa kuwaka na hapa hakuna teknishani. Kesho saa moja."

Mzee alilala mapema. Asubuhi alinyoa, akavaa viatu vyeusi, akanywa chai akiwa amesimama. Akabeba bisibisi.

Alirudi saa sita mchana amechoka, suruali ina vumbi, na alikuwa anacheka. "Ilikuwa betri tu," akamwambia mathe. "Watu wa shahada kumi wameshindwa na betri."

Baadaye sana nilimuuliza Mama wa Mesi kama hakujua ni betri. Akanitazama. "Kijana," akasema, "mimi nimepikia wanafunzi elfu mbili kwa majiko ya stima. Betri nisiijue?"

Tangu siku hiyo mzee ndiye mwenye mashine. Ana daftari. Kila mtu akifika anakaa dakika tano, anapimwa, namba inaandikwa. Anayezidi kiwango Jumamosi mbili mfululizo anaambiwa aende kliniki, na wiki inayofuata anaulizwa kama alienda. Mzee haulizi kwa upole.

JUMAMOSI YENYEWE IKOJE?

Nilianza kwenda nao kwa sababu kiingilio kinalipwa kwa simu na wengi wao simu inawasumbua. Nilidhani nitalipa, niketi pembeni, nirudi kulala. Sasa ni zaidi ya mwaka.

Saa moja wanapimwa. Saa moja u nusu wanatembea, mizunguko miwili, wawili wawili. Anayetumia mkongojo anatembea na wa mwendo wake, na hakuna anayeachwa nyuma peke yake. Halafu wanafanya mazoezi ya mwili mahali tambarare: kusimama kwa mguu mmoja ukishika bega la mwenzako, kukaa na kuinuka bila kutumia mikono, kuinua pakiti ya unga ya kilo mbili. Ndiyo, unga. Kuna mama hutoka nayo nyumbani na kurudi nayo, na tumbili wa Arboretum wamejaribu kumpora mara mbili.

Saa tatu chai inatolewa kwenye chupa, na hapo ndipo kazi yenyewe iko. Wazee wa drafti wanatandika ubao na vifuniko vya soda. Wengine wanacheza ajua. Kuna profesa mmoja aliyestaafu ambaye hupewa dakika kumi kufundisha jambo lolote, na Mama wa Mesi humwekea saa ya jikoni, kwa sababu siku ya kwanza alichukua dakika hamsini. Wiki moja alieleza kwa nini mvua za masika hubadilika. Wiki iliyofuata dereva mstaafu naye akapewa dakika zake kumi akaeleza vile basi la chuo lilivyokwama usiku barabara ya Lodwar likiwa limejaa wanafunzi. Nadhani unajua nani alipigiwa makofi zaidi.

Na mimi nikapewa kazi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nasaidia mmoja mmoja, halafu Mama wa Mesi akasema nisimame niwafundishe wote pamoja. Fikiria hiyo picha. Mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili, nimesimama chini ya mti mbele ya watu walioshika chaki miaka arobaini, nawaambia fungueni simu zenu.

Tulianza na ile meseji ya "nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali rudisha". Watatu kati yao walikuwa wamewahi kurudisha. Hakuna aliyekuwa amemwambia mtu yeyote nyumbani, hata mke, kwa aibu. Walipojua wako watatu, aibu ikapungua. Wiki nyingine tukaangalia mambo ya SHA, kwa sababu tangu ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024 wengine hawakujua wamesajiliwa au la. Tukakaa na vitambulisho mkononi, mmoja mmoja, mpaka wote wakajua wako wapi.

Sasa skiza. Hakuna hata mmoja wa wale wazee aliyeniuliza nina shahada gani. Profesa aliniita "mwalimu" siku hiyo, na hakuwa anacheka.

SHERIA YA SAA MOJA

Lakini kitu ambacho nataka ukichukue kwa hii stori si tumbili wala ajua. Ni sheria moja ya kile kikundi.

Sheria inasema hivi: kama huji Jumamosi, andika kwa grupu la WhatsApp kabla ya saa moja. Usipoandika na usipofika, yule unayetembea naye anakupigia. Usipochukua simu mara tatu, mtu anakuja kwako. Hakuna mjadala.

Mimi niliiona kama usumbufu. Watu wazima wanafuatiliwa kama watoto wa bweni.

Halafu ikafika Jumamosi moja ya Julai, ile baridi ya Nairobi unayoijua. Mzee mmoja aliyekuwa soja wa langoni hakufika na hakuandika. Anaishi peke yake Kangemi, mkewe alifariki, watoto wako mbali. Anayetembea naye ni profesa, yule yule wa dakika kumi. Kazini, miaka yote ile, mmoja alikuwa akimfungulia mwenzake lango na kupiga saluti. Hawakuwahi kujua nyumba ya kila mmoja iko wapi.

Profesa alipiga simu mara tatu. Halafu akaacha chai yake, akatoka mpaka barabarani, akapanda bodaboda. Ana miaka 73 na goti bovu.

Alikuta mlango umefungwa kwa ndani. Kereteka wa ploti akavunja kufuli. Mzee wa watu alikuwa sakafuni, anatoka jasho, hawezi kusema maneno yakaeleweka. Alikuwa amemeza dawa ya sukari usiku bila kula, sukari ikashuka. Walimkimbiza hospitali, akawekewa maji ya sukari kwenye mshipa, na jioni alikuwa ameketi akiuliza nani alimfunguliwa drafti yake.

Daktari aliwaambia wangechelewa kidogo, mambo yangekuwa mengine. Kama si Jumamosi, na kama si ile sheria, mtu wa kwanza kugonga ule mlango angekuwa kereteka mwisho wa mwezi, akitafuta kodi.

Ndiyo maana nasema usinunue kiti. Kiti hakiwezi kukuuliza mbona hukuja.

MAZOEZI HAYALIPI PENSHENI

Sitaki kukudanganya pia. Kuna watu wakisikia "afya ya wastaafu" wanafikiri ukiwapa wazee fulana na maji ya chupa, kazi imeisha. Mzee wangu alikatwa pesa ya pensheni kila mwezi, na alipotoka alisubiri miezi mingi bila kuona kitu. Hayuko peke yake. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali zimetaja mara nyingi vyuo vya umma vinavyokata pesa za wafanyakazi bila kuziwasilisha zinakotakiwa. Huwezi kutembea ukaisha deni la namna hiyo. Na presha ya mtu anayedaiwa kodi haishuki kwa sababu amesimama kwa mguu mmoja.

Lakini hata hapo kikundi kilisaidia. Mmoja wao alikuwa karani wa uhasibu. Aliwaambia kila mtu alete payslipu zake za zamani, barua ya ajira na barua ya kustaafu, akawapangia faili. Badala ya kila mmoja kwenda ofisini peke yake na kuambiwa "rudi wiki ijayo", wakawa wanaenda wanne wanne, na mmoja anaandika nani amesema nini tarehe gani. Pia waliandika malalamiko kwa RBA, mamlaka inayosimamia mafao ya kustaafu nchini. Wengine wamelipwa. Mzee amelipwa sehemu, anasubiri iliyobaki. Angalau sasa anasubiri na watu.

HATA WENZETU NG'AMBO

Hili si wazo jipya duniani. Mwaka wa 1973, mjini Toulouse, Ufaransa, kulianzishwa kitu kilichoitwa chuo kikuu cha umri wa tatu: umri wa kwanza ni utoto, wa pili ni kazi, wa tatu ni baada ya kazi. Wazo hilo likafika Uingereza mapema miaka ya themanini, na huko wakalibadilisha. Wakasema wanachama wenyewe wafundishane. Hakuna mtihani, hakuna cheti. Anayejua historia anafundisha historia, anayejua kushona anafundisha kushona, kesho wanabadilishana. Leo kuna vikundi vya namna hiyo nchi nyingi.

Nilipowasomea hayo pale Arboretum, Mama wa Mesi alisema, "Kumbe sisi pia ni chuo." Mzee wa drafti akauliza karo ni ngapi. Karo ni shilingi mia moja kwa wiki, ya chai na betri.

Na kama unadhani wazee hawawezi kujifunza, kumbuka Kimani Maruge wa Eldoret. Aliingia darasa la kwanza mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84.

UTAANZAJE?

Wewe una simu, una data, na una mzazi au jirani aliyestaafu. Hivi ndivyo ungeanza.

Kwanza, usimwalike mazoezini. Muombe kazi. Tafuta anachojua na mwambie kinahitajika. Fundi apewe cha kutengeneza, mhasibu ashike pesa, muuguzi apime watu.

Pili, chagua siku moja na saa moja, na usiibadilishe. "Tutakutana siku moja" haijawahi kumtoa mtu kitandani. Jumamosi saa moja inamtoa.

Tatu, anza na wanne. Usingoje ofisi ya chuo ikupe orodha. Mstaafu mmoja ana namba za wastaafu kumi kwenye kile kijitabu chake cha zamani. Keti naye mzipige.

Nne, changanya watu. Usitengeneze kikundi cha madaktari wa falsafa peke yao. Mpishi anajua majina ya watu wote.

Tano, chagua mahali pasipo na gharama kubwa: uwanja wa kanisa au msikiti, shule Jumamosi, bustani. Karura ni pazuri kwa wanaoishi upande huo, na kila ukitembea chini ya ile miti kumbuka kuna mwalimu wa chuo kikuu aliyepigwa akiitetea.

Sita, mpimeni presha na sukari kila wiki na muandike. Na kabla mtu mwenye ugonjwa wa moyo hajaanza mazoezi mapya, amuulize daktari wake kwanza.

Saba, wekeni ile sheria ya kupigiana simu. Kama mtafanya jambo moja tu kati ya haya saba, lifanyeni hili.

NA WEWE?

Nimalizie na hii. Miezi michache iliyopita nilikosa Jumamosi mbili mfululizo. Nilikuwa nimehamia keja yangu, nyumba moja pale Kinoo, kazi ilikuwa imekauka na nilikuwa kwenye ile hali ya kulala mpaka jioni, simu imewekwa kimya. Sikumwambia mtu. Nilikuwa naona niko sawa, nimechoka tu.

Jumamosi ya pili, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mlango ukagongwa. Nikafungua nikiwa na blanketi mabegani. Mzee alikuwa amesimama pale nje na viatu vyake vyeusi, daftari kwapani, anahema kwa ngazi za orofa nne.

Hakuniuliza kama nimekula. Alinitazama kwa muda, halafu akasema, "Tumekupigia mara tatu. Mbona hukuja?"

Nikamwambia nitavaa viatu.